Redio Iliyoanikwa Juu ya Meko

Nyumbani kwa Zaina, kule Mponde, redio haizimwi. Inasema alfajiri watu wangali wamelala, inasema mchana watu wote wakiwa shambani wakichuma chai, na siku niliyofika kwake mwaka jana, nikiwa nimechoshwa na safari ya kutwa nzima, niliikuta sebuleni ikiwasomea habari kuku wawili waliokuwa wakidonoa punje chini ya meza. Mumewe Athumani alinipokea begi, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi zamani: "Usihangaike kuizima, shemeji. Mimi nimejaribu tangu nimuoe. Ukiizima tu, mwenye nyumba anatokea." Nilicheka kama inavyompasa mgeni, lakini moyoni nilikereka. Mimi nimezoea utulivu. Nilikuwa nimekuja kwa sababu wanafunzi wa mwaka wetu walikuwa wamepanga kukutana Lushoto mjini Jumamosi hiyo, mara ya kwanza tangu tulipoachana na shule, na Zaina na mimi tulikuwa tumekubaliana kwamba nitalala kwake kisha tuende pamoja, kama tulivyokwenda pamoja kila mahali mwaka ule tulipokuwa kidato cha pili.

Kwenye mkutano wenyewe, baada ya pilau, Hoza alishika kipaza sauti. Hoza tulisoma naye darasa moja. Siku hizi ni mkandarasi, ana tumbo la mkandarasi, na hakuna sherehe asiyoiongoza yeye. "Jamani," alisema, "humu ndani kuna mafundi redio wawili. Waliunda redio yao kwa mikono yao, na ikaota kuvu! Redio ikaota kuvu kama kiatu! Mama Kuvu, simama watu wakuone!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Zaina, aliyekuwa ameketi karibu nami, alisimama akapunga mkono kama bibi harusi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi sikuweza kucheka. Niliitazama sahani yangu, nikajua kwamba hasira niliyoidhani imekufa ilikuwa imelala tu, na kwamba ilikuwa na umri uleule wa kidato cha pili.

Mwaka ule tulipanga chumba kwa Mama Salehe, nyuma kidogo ya soko. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda kimoja, meza iliyokosa mguu mmoja na kuegemezwa ukutani, na dirisha lililotazama mteremko wa bustani za kabichi ambazo, kuanzia Juni, hatukuziona tena kwa sababu ya ukungu. Baridi ya miezi ile iliingia katika kila kitu. Chumvi ililoa ndani ya kopo. Viatu vyetu vya shule, tukiviacha chini ya kitanda Ijumaa, Jumatatu vilikuwa na manyoya ya kijani. Kitabu changu cha nyimbo za kanisani kiliota madoa, na Zaina alikuwa akiifunga juzuu yake ndani ya khanga mbili na kuitundika juu kabisa. Mama Salehe alikuwa ametufundisha dawa ya kuvu: unafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kitu chako unakianika kwenye dari la jikoni, juu ya meko, palipotundikwa mahindi ya mbegu. Vitu vyetu vyote vilinuka moshi. Chakula kilikuwa makande, na kesho yake makande yaliyopashwa moto, na tulikula tukiwasikiliza Mama Salehe na dada yake, aliyekuwa akiuza plamu na peasi kituo cha mabasi, wakizungumza ng'ambo ya ukuta wa udongo. "Umepita dukani kwa Mpemba?" "Nimepita. Sabuni ziko za rangi zote, dada. Mpaka ya bluu." "Umenunua ipi?" "Nimenusa." Wakacheka, wakahamia kwenye Kishambaa, na tukapoteza utamu uliobaki, kwa sababu walishusha sauti. Ndiyo ilikuwa miaka yenyewe: maduka yaliyokuwa na rafu tupu tulipokuwa watoto yalijaa ghafla, na watu wengi waliingia kunusa.

Shuleni nako kuliingia vitu. Marafiki wa shule walioko ng'ambo walituma maboksi matano, na ndani ya kila boksi mlikuwa na redio isiyo redio: ubao mdogo wa rangi ya kahawia wenye mistari ya shaba upande mmoja na matundu upande mwingine, mfuko wa vitu vidogo vyenye miguu ya waya, spika isiyozidi kiganja, na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa Kijerumani. Mwalimu Mbwana, aliyetufundisha fizikia, aliyaweka maboksi juu ya meza akatangaza kwamba kidato cha tatu maabara haitatosha watu wote. Atakayeingia fizikia ataingia kwa mikono yake. Alikuwa mtu mwenye haki kwa kipimo chake mwenyewe, na sijawahi kumwona akimpiga mtu kwa chuki. "Vikundi vinne vya wavulana," alisema, "na hawa mabinti wawili wanaosema wanataka, kikundi cha tano. Redio ikisema mbele yangu, mnaingia. Isiposema, mtaungana na wenzenu kwenye upishi. Hapo nimemwonea nani?" Hoza, kutoka nyuma, alisema kwa sauti ya chini lakini si chini vya kutosha: "Wakiipika vizuri itasema tu. Wasisahau kitunguu."

Zaina alijua anachokitaka. Kwao walisikia mashine za kiwanda cha chai zikinguruma, na tangu udogo alikuwa ameambiwa kwamba ndani ni mahali pa mafundi. Yeye alitaka kuwa fundi huyo, avae ovaroli, aingie mlangoni. Mimi sikuwa na ndoto iliyo wazi kama hiyo. Nilikuwa na ubishi. Nilikuwa nimeambiwa sitaweza, na neno hilo lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nadhani mtu anaweza kuendeshwa mbali sana na ubishi peke yake, lakini akikosa alichokifuata, habaki na kitu cha kukipenda.

Kazi yenyewe ilitutesa tangu mwanzo. Vitu vidogo vinavyoitwa rezista hutofautishwa kwa mistari ya rangi, na rangi hizo, ndani ya chumba chenye ukungu hadi mlangoni, zote zilikuwa rangi moja. Tulisimama kizingitini kila siku baada ya shule, mmoja akiinua kirezista juu kama mtu anayekagua punje ya mchele.

"Hii nyekundu."

"Hiyo kahawia, Beka."

"Kahawia gani? Itazame vizuri."

"Nimeitazama mpaka macho yanatoa maji. Jana uliniambia ile ni ya machungwa, ikawa ya njano. Wewe na rangi mmekosana nini?"

Chuma cha umeme cha kulehemu kilikuwa kimoja shuleni, na kilikuwa mikononi mwa wavulana. "Mtakipata tukimaliza," waliahidi, na hawakumaliza. Kwa hiyo tulitumia msumari mkubwa, tukiupasha ndani ya jiko la mkaa, kichwa chake kimefungwa kitambaa. Kwenye boksi mlikuwamo waya mwembamba wa risasi ya kulehemia. Tuliugusa kwa msumari, ukayeyuka vizuri, kisha tone likabiringika juu ya shaba kama maji juu ya jani la myugwa, likaanguka sakafuni. Tukijaribu msumari ukiwa moto zaidi, ubao ulitoa harufu ya nywele zilizoungua. Ukipoa kidogo, risasi iligeuka uji wa mchanga. Nililia kwa hasira siku ile, kilio kibaya cha meno kufungana, na Zaina akaniambia niende nikalilie nje kwa sababu machozi yatalowesha ubao. Waya wa risasi uliisha tukiwa tumeunga vitu vitatu tu, na vitatu hivyo vilitoka nilipovigusa kwa kidole.

Zaina ndiye aliyemkumbuka Mzee Shemhilu. Alikuwa fundi bati mwisho wa soko, akitengeneza koroboi kwa makopo ya maziwa na kuziba keni za kumwagilia za wakulima wa mboga, na sote tulikuwa tumemwona akiunga bati na bati kwa risasi inayong'aa. Tulimkuta ameketi juu ya kigoda, keni imelala mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wandee," alijibu, akituita mabinti kwa Kishambaa. "Keni imetoboka?"

"Hapana, babu. Tunaunda redio."

Aliweka keni chini. "Redio? Nyie watoto nyie. Tulipokuwa hatuna redio, hakuna aliyeunda. Sasa zinauzwa mpaka za kubeba mfukoni, nyie ndiyo mnaunda!" Alicheka, akakohoa, akataka kuiona. Aliugeuzageuza ubao karibu na jicho lake moja lililokuwa zima. "Na risasi inakimbia?"

"Inakimbia, babu."

"Itaachaje kukimbia? Hamjaipa dawa. Bila dawa hata mimi na mvi hizi haishiki." Akatupatia kipande cha risasi yake, akatuazima chuma kidogo cha shaba alichokitumia kwa midomo ya koroboi, na kutumiminia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi maji makali yaliyofuka moshi mwembamba kizibo kilipofunguliwa. Alitupatia na unyoya wa kuku wa kupakia. "Msiguse kwa mkono. Inakula." Hakutaka chochote. Alisema tukimaliza tumletee redio asikilize habari za Tanga.

Sijui kama nimewahi, kabla au baada, kuonja furaha ya mikono kama ya majuma yale mawili. Unyoya ulipitishwa, chuma kikaguswa, *chsss*, moshi mkali ukatukohoza, na risasi ilitandaa juu ya shaba ikakaa, nyeupe, laini, imetii. Hata Mama Salehe alikuja kutazama, akasema, "Kumbe ni kushona tu." Tulishona. Rezista, kapasita, transista zenye miguu mitatu mithili ya wadudu, na mwisho ile koili iliyofungwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, ambayo Zaina aliiunga akiwa amezuia pumzi. Kila kiungo tulikipaka dawa kwa ukarimu, tukiamini kwamba kidogo kikifaa, kingi kitafaa zaidi.

Ilisema alasiri moja, mvua ya rasharasha ikinyesha. Jana yake tulikuwa tumeanika betri zetu mbili kuukuu kwa siku nzima kwenye jua hafifu ili zipate nguvu. Zaina alizungusha kitufe. Tukasikia kama mahindi yanayokaangwa. Akarudisha kidogo, na chumba kikajaa mtu. Alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu, sauti yake nzito na ya kujiamini, akisoma kadi ya mwanamke mmoja wa Muheza: anawasalimu mama yake mzazi, dada zake wote popote walipo, na jirani yake anayeuza viungo, ujumbe wake anasema... Na hapo mimi na Zaina tulitazamana, tukafikiria jambo moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa. "Betri," alisema. "Zisije zikaisha," nilisema. Akazima. Tulikuwa na wiki moja na zaidi kabla ya Mwalimu Mbwana kukagua, na betri nyingine hatukuwa na namna ya kuzipata. Tulikumbatiana kimya ili Mama Salehe asisikie, tukaifunga redio katika sweta langu, na hatukuigusa tena. Tulijiona watu wazima, watu wa akiba.

Tulipoifungua wiki iliyofuata tuichungulie tu, ubao ulikuwa umeota manyoya ya kijani. Hatukushtuka sana. Kila kitu Lushoto kilikuwa na manyoya ya kijani mwezi ule. Kwa nini redio isiwe nayo? Zaina alisema, "Hata wewe, umeifunga kwenye sweta lenye unyevu." Tukafanya kama tulivyofundishwa. Tuliifuta kuvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, kiungo kwa kiungo, kisha tukaitundika juu ya meko kati ya mahindi ya mbegu, na chini yake makande ya nyumba nzima yakachemka kutwa, mvuke ukipanda. Kijani kilirudi. Tukafuta tena, tukaisogeza karibu zaidi na moto.

Siku ya ukaguzi redio nne za wavulana zilikuwa zimepangwa dirishani, mbili kati yake zikisema na mbili zikikoroma, na zote zilihesabiwa kuwa zimesema. Yetu haikukoroma. Zaina alizungusha kitufe mara ya kwanza, ya pili, akaigonga kwa kucha, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwalimu, ilisema. Naapa ilisema." Mwalimu Mbwana aliuchukua ubao, akaunusa, uso ukamkunjamana. Alipougusa ule waya wa koili kwa ncha ya kalamu, ulikatika kama uzi uliooza. "Hii imenuka moshi na mafuta ya taa," alisema. "Mliihifadhi wapi?" Nikajibu, kwa kuwa nilidhani ukweli ungetusaidia: "Juu ya meko, Mwalimu. Iliota kuvu." Bado nakisikia kile kicheko cha darasa zima. Mwalimu mwenyewe hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Mmeipeleka jikoni wenyewe," alisema. "Basi." Kidato cha tatu tulisoma upishi. Tulifaulu. Mimi nilienda chuo, nikawa mwalimu wa somo hilohilo, na nimelifundisha kwa uaminifu miaka yangu yote ya kazi; Zaina alirudi Mponde, na mlango pekee wa kiwanda alioufikia ni ule wa kupimia majani mabichi.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa lilikuwa katika vidole vyetu, au katika hewa ya Lushoto, au, siku za uchungu, katika kuzaliwa kwetu. Kisha, nikiwa tayari nina watoto wanaosoma, niliingia duka moja la vifaa mjini kununua risasi ya kuungia kikaango kilichovuja. Kijana wa kaunta, bila kuinua macho, aliniuliza: "Ya bati au ya redio?" Nilimuuliza kuna tofauti gani. "Ya bati inataka asidi, mama. Ukiiweka kwenye redio inakula waya zote, inatoa kutu ya kijani." Watu nyuma yangu walikuwa wakisubiri. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kikaango, nikaliona dari la Mama Salehe, mahindi ya mbegu, na sisi wawili tukifuta asidi kwa kitambaa na kuifukiza mvuke wa makande. Hakuna aliyetudanganya. Mzee Shemhilu alitupatia kitu chake bora. Mwalimu alikuwa na jibu mkononi, akalinusa, na hakuuliza swali moja zaidi: mlilehemu kwa kitu gani? Swali moja tu. Nimelikasirikia swali hilo lisiloulizwa kuliko ninavyoweza kumweleza mtu.

Kwa hiyo, Jumamosi ile ukumbini, vicheko vya Hoza vilipotulia, nilimfuata Mwalimu Mbwana pale alipoketi na fimbo yake, mzee sasa, mgeni wa heshima, shada shingoni. Nilimwamkia, nikajitambulisha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimwambia: "Mwalimu, ile redio haikuwa kuvu. Ilikuwa asidi ya fundi bati. Na ilisema kabla ya hapo." Alinitazama kwa wema mtupu. "Redio ipi, mwanangu?" Nikamweleza tangu mwanzo. Alisikiliza, akaitikia, kisha akatabasamu kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Nawakumbuka. Mabinti wa mwaka wenu mlikuwa na akili, lakini fizikia mliikimbia. Niliwasihi sana." Nilitaka kumkatalia. Mtu alikuja kumpa soda, Mwalimu akanipiga begani, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikuwahi kukasirika hivyo nikiwa nimeshikwa mkono kwa upendo kiasi hicho.

Jioni, jikoni kwa Zaina, tukimenya viazi, nilimweleza yote: duka, kikaango, asidi, Mwalimu. Sebuleni, kulikokuwa hakuna mtu, redio ilikuwa ikijadili bei ya mahindi. Nilitazamia ashangae, au akasirike pamoja nami. Nilikuwa nimeibeba habari ile kutoka mbali kama zawadi. Alimaliza kiazi alichokishika, akakitupa majini.

"Kwa hiyo ingekufa tu," alisema. "Hata tungefanyaje."

"Ingekufa. Si mikono yako, Zaina. Hicho ndicho ninachokuambia. Mikono yako ilikuwa mizuri."

"Mikono yangu naijua." Alichukua kiazi kingine, akakigeuza bila kukimenya. "Mimi hayo ya kuvu nacheka nao, Beka, hayaniumi. Wewe ndiye unakaa nayo. Mimi linaloniuma ni moja. Yule mama wa Muheza, ujumbe wake. Tungeiacha tu amalize."

Asubuhi yake alinisindikiza kituoni. Athumani alikuwa ametangulia shambani, kuku wamefunguliwa, meko yamefunikwa majivu, na tulikuwa wa mwisho kutoka. Sebuleni mtangazaji fulani, mchangamfu kupita kiasi kwa saa ile, alikuwa akisoma salamu za watu nisiowajua kwenda kwa watu nisiowajua. Zaina alikuwa mlangoni na ufunguo. Kwa mazoea ya mtu wa akiba, nilinyoosha mkono kwenye kitufe, kisha nikaurudisha. Tulifunga mlango, tukaiacha iseme.